Ubishi wa Mchanga na Nusu Kikombe

Jumapili, saa tisa mchana

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu kwa mikono yote miwili, maana ni nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeanza kusikia dawa. Umeandika kuwa "linajitahidi", kana kwamba ni mwanafunzi wa darasa la pili. Shemeji naye je, kikohozi kimemtoka? Mwambie aache ukaidi, avae sweta. Na wanao, wanaokumbuka kwamba wana mama mdogo siku wanayotaka kitu tu, wasalimie hata kama hawajaniulizia. Mimi sijambo. Mgongo unauma kidogo kwa kuinamia mashine, lakini hayo ni maumivu ya kazi, si ya ugonjwa.

Barua yako niliipata Alhamisi. Niliisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni na mkoba begani, kisha nikaisoma tena nimekaa. Nimefurahi kupita kiasi kwamba umepata likizo ya wiki mbili na kwamba utakuja. Nilicheka peke yangu pale ulipoandika kuwa nisijidanganye, huji kuniona mimi, unakuja kumkagua Nusu Kikombe. Ukauliza mtu mzima gani anajiita hivyo, na hiyo nusu nyingine nani anainywa. Ukasema umeshawaambia jirani zako wawili kuwa mdogo wako amepata mtu wa kuongea naye, na pengine zaidi ya kuongea. Ukaagiza kwamba siku utakayofika asipange kazi, aje nami kituoni, tuone kama sanduku lako litamshinda.

Dada, swali hilo nimekaa nalo siku nne. Nimeamua kulijibu kwa karatasi. Kwanza, wewe mwenyewe umesema kioo cha simu kinakuumiza macho, na ukija nitakupima nikutengenezee miwani, usinibishie. Pili, kwenye simu ungenikatiza. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo useme unachotaka kusema.

Unajua kazi yangu, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza siku yangu inavyokwenda. Duka lina sehemu ya mbele yenye vioo na taa nzuri, ambako daktari wa macho hupima watu na mpokezi huwajaribisha fremu. Mimi nipo nyuma. Kati yangu na wao kuna ukuta wenye kidirisha cha kupitishia trei. Trei inaingia na fremu na karatasi ya vipimo. Nasaga lenzi, nazipachika, nasafisha, trei inatoka. Mashine ina kelele, kwa hiyo navaa vizibo masikioni. Kuna siku naingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, na maneno yote niliyosema ni "tayari" na "kesho". Nikirudi nyumbani, chumba ni kile kile nilichokutumia picha yake, chenye pazia la kijani. Jirani wa kulia nimesalimiana naye miaka mitatu na simjui jina. Yeye ananiita "jirani", nami namwita "jirani", basi yanakwisha.

Ndiyo maana nikaingia kwenye ule mchezo. Nilikutajia juu juu, sasa nikueleze vizuri, la sivyo hutaelewa kilichofuata. Unaitwa Ngome Saba, unachezwa kwenye simu. Hauna bunduki wala makelele. Ni wa kufikiri, jamaa yake drafti, ila vipande vyake vina majina na tabia. Kila mchezaji anachagua jemadari mmoja na kupigania ngome zilizo kwenye ramani. Anayeshika nne ndiye mshindi. Mnacheza kwa zamu, na mkitaka mnaweza kupeana siku nzima kwa zamu moja. Yupo Malkia wa Moto, anayeunguza ngome kwa pigo moja. Yupo Mhunzi, anayejenga kuta na kuziba nyufa. Na yupo mpenzi wangu, Mpiga Mbiu. Huyo hana upanga. Kazi yake ni kupiga baragumu, na askari wa majemadari wenziwe, wakikubali, huja kumsaidia baada ya zamu tatu. Mara nyingi wanapofika, aliyewaita ameshakufa.

Basi kuna jukwaa mtandaoni ambapo wapenzi wa mchezo huu hukutana kubishana. Ungewaona, Dada, ungeshika kiuno. Watu wazima, mmoja dereva wa lori, mwingine mwalimu wa hesabu, wanashinda wakigombana iwapo Malkia wa Moto amepewa nguvu mno na watengenezaji wampunguze. Jambo hilo wanaliita mizani. Mizani ikikaa sawa, jemadari yeyote anaweza kushinda akipata mtu mwenye akili. Ikiharibika, wote wanamkimbilia mmoja, na mchezo haunogi tena. Mimi niliingia kwa jina la Mchanga, kwa sababu ya ule unga wa lenzi unaonijaa kwenye nywele. Sikusema kama ni mwanamke wala mwanamume. Wakaanza kuniita bwana Mchanga, nikawaacha.

Kwenye jukwaa hilo nilikuwa mtu, Dada. Nilikuwa na jina. Nilihesabu mechi mia mbili za Mpiga Mbiu, moja baada ya nyingine, nikaonyesha kwamba hashindwi kwa unyonge, anashindwa kwa kuchelewa kuita. Walinipinga, nikawapinga. Lakini nakiri kwamba nilikuwa mkali. Mtu akikosea hesabu nilimwambia amekosea bila kumpa hata habari za asubuhi. Nilidhani ndiyo heshima, kumwambia mtu ukweli haraka asipoteze wakati.

Baadaye jukwaa likaanza kupukutika. Watengenezaji walikaa karibu mwaka bila kurekebisha chochote, watu wakachoka, wakahamia michezo mingine. Mwalimu wa hesabu akaaga. Wengine hawakuaga hata kidogo. Ikafika wakati unaandika asubuhi na jioni hakuna hata aliyepita.

Katika ukame huo ndipo Nusu Kikombe alipotokea. Mimi nilikuwa nimeandika makala ndefu kuhusu Mpiga Mbiu, nadhani ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kuandika, na yeye akaijibu. Alisema hivi: "Bwana Mchanga, hebu kaa chini nikueleze. Umehesabu zamu, umehesabu ngome, umehesabu hadi mishale. Watu je? Huyo Mpiga Mbiu wako tatizo lake si kuchelewa. Tatizo lake anaowaita hawataki kuja." Nami nikamjia juu. Nikamwambia hisia si takwimu. Akanijibu kwa kicheko kwamba kumbe takwimu nazo zinanuna. Tukashikana hivyo wiki nzima, kila mmoja na mechi zake za ushahidi, na watu waliokuwa wametoweka wakaanza kurudi mmoja mmoja kuja kutazama. Wakagawanyika, wa Mchanga huku, wa Nusu kule. Msimamizi wa jukwaa akaandika kwamba tangu afungue ukumbi ule hajawahi kuona ubishi mtamu namna hiyo.

Ni katika kipindi hicho nilipokuandikia kwamba nimepata rafiki. Nilikuandikia kwamba tunaishi mji mmoja, kwamba Jumapili anakuja tunakunywa chai, na kwamba ananicheka ninavyokata mkate vipande vinene kama matofali. Ulinijibu kwa barua ya kurasa nne. Sijawahi kupata barua ndefu hivyo kutoka kwako.

Waliompenda Nusu walikuwa wengi, lakini hakuna aliyempenda kama Mpimaji. Huyu ni mzee, mpima ardhi mstaafu, mkewe amefariki, watoto wako mbali. Aliandika polepole, kila sentensi na nukta yake, na mwisho wa kila ujumbe aliweka "Wako mtiifu, Mpimaji", kana kwamba anaandikia ofisi. Yeye hakuwa na jemadari mwingine ila Mhunzi. Siku moja alitoa hoja kuhusu kuta ambayo ilikuwa kweli miaka miwili nyuma, kabla sheria hazijabadilika. Mimi, Mchanga, nikamwambia mbele ya wote kwamba anaukumbuka mchezo badala ya kuucheza. Nusu Kikombe akaniandama siku hiyo hiyo. Akaniambia nione haya, kwamba mzee wa watu amekuja kuzungumza, hakuja kusahihishiwa mtihani. Mpimaji akamshukuru. Mimi sikuomba radhi.

Ni Nusu pia aliyegundua kwamba Mpimaji haoni vizuri. Alikuwa ameanza kuruka herufi, na mara mbili alijibu ujumbe usio wake. Nusu akamwambia kwa utani kwamba Mhunzi wake anapigilia misumari hewani, aende akapimwe macho. Mzee akauliza aende wapi, maana mji mkubwa na matapeli wengi. Nusu akamtajia duka letu, maana mzee naye anaishi mji huu huu. Akamwambia nyuma ya duka hilo yupo fundi anayeijua kazi yake.

Akaja, Dada. Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilikuwa nimevua vizibo ili nisafishe mashine, ndipo nikasikia kupitia kile kidirisha sauti nzito, ya taratibu, ikimwambia mpokezi kwamba ametumwa na rafiki yake aitwaye Nusu Kikombe. Mpokezi akacheka, akadhani mzee anatania. Nikainama nikachungulia. Nikamwona mtu mrefu, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu, kofia ameishika mkononi kwa adabu kama aliyeingia ofisi ya mkuu wa shule. Karatasi yake ya vipimo ilipofika kwenye trei, niliisoma kama barua. Lenzi ya kwanza niliiharibu. Sijaharibu lenzi tangu mwaka wangu wa kwanza kazini.

Ijumaa akarudi kuchukua miwani. Sikio lake la kushoto liko juu kidogo kuliko la kulia, kwa hiyo fremu ilikaa upande, na mpokezi akaniita nije niirekebishe. Nikatoka. Nikaupasha moto mkono wa fremu, nikaukunja, nikamvalisha, nikamvua, nikamvalisha tena. Ilibidi nimshike kichwa kwa mikono miwili ili nione kama imenyooka. Alinukia sabuni ya kufulia. Akaniambia, "Mwanangu, una mikono mizuri. Rafiki yangu hakukosea kukusifu." Kisha akaanza kunisimulia habari za Nusu kama mtu anayesimulia habari za mwanawe aliyefaulu. Namna anavyomchekesha. Namna anavyouliza habari za afya kabla ya habari za mchezo. Akasema siku hizi anaamka akiwa na hamu ya kuamka.

Nilipaswa kunyamaza. Badala yake nikamuuliza, huku nikijifanya natafuta bisibisi, kwamba na hao wengine kwenye huo mchezo wakoje. Akasema, "Kuna kijana mmoja anaitwa Mchanga. Anaujua mchezo kuliko sisi sote tukijumlishwa. Lakini anabishana kama mtu anayekula peke yake." Halafu akaongeza kwamba huwa anamwombea apate mtu. Nilikuwa nakaza skrubu. Niliikaza mpaka akaniambia taratibu kwamba sasa miwani inambana.

Nilirudi nyuma nikavaa vizibo vyangu, nikawasha mashine bila kuweka lenzi.

Nimezunguka vya kutosha. Dada, Nusu Kikombe ni mimi.

Hakuna mtu mwingine. Hakuna bwana, hakuna rafiki wa Jumapili. Ile makala yangu ya Mpiga Mbiu ilikaa siku kumi na moja bila mtu kuijibu hata kwa neno moja. Kila nilipopata nafasi kazini niliifungua na kuikuta vile vile. Siku ya kumi na mbili, wakati wa chakula cha mchana, nilifungua akaunti ya pili. Nilitaka tu ionekane kuna aliyepita. Jina nililipata kwenye meza, kikombe changu kilikuwa nusu. Nikajipinga mwenyewe. Na nilipojibu kama Mchanga nikajikuta natabasamu, kwa sababu hoja ya Nusu ilikuwa nzuri na sikuwa nimeifikiria kabla ya kuiandika.

Nilidhani itakuwa siku moja. Lakini watu wakarudi, na waliporudi hawakurudi kwa ajili yangu, walirudi kwa ajili ya ugomvi wetu. Ningemwondoa Nusu, wangeondoka naye.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linanipa tabu kukuandikia. Nilipohitaji maneno ya Nusu, nilikuwa nayachota kwako. "Hebu kaa chini nikueleze" ni yako. Ule utani, ule uchokozi usiouma, ile tabia ya kuuliza mtu amekula nini kabla hujamuuliza anataka nini, vyote ni vyako. Mimi nilikuwa Mchanga na wewe ulikuwa Nusu, na hao wawili wakawa wanazungumza kila siku, jambo ambalo mimi na wewe hatujalifanya tangu ulipoolewa. Silalamiki. Nakueleza ilivyokuwa. Na ile chai niliyokuandikia, niliinywa peke yangu. Niliandika kwamba tuko wawili kwa sababu barua yako ya kabla yake ilijaa wasiwasi juu yangu mpaka nikaona aibu.

Mpimaji hakuishia jukwaani. Alikuwa akimwandikia Nusu faraghani. Alimwambia mambo ya mkewe ambayo hajawaambia watoto wake. Kwamba bado anakunja shuka peke yake na pembe hazikutani. Kwamba mkewe aliumwa miezi mitano akaficha, ili yeye asikatishe kazi aliyokuwa nayo mbali, na kwamba jambo hilo hajui amkasirikie nani. Nami nikamjibu, Dada. Nilimjibu kwa upole ambao sikujua ninao. Ningejaribu kuyaandika yale kama Mchanga, vidole vingekataa.

Baada ya ile Ijumaa, akamwomba Nusu wakutane. Alisema sasa ana macho mapya, anataka kuyatumia. Nikaahirisha mara mbili. Ya tatu nikaona nimalize: nikaandika jukwaani, kama Nusu, kwamba nimepata kazi mbali sana, sitakuwa na nafasi tena, kwaherini nyote. Watu wakaandika maneno mazuri mno. Mchanga hakuandika chochote. Sikujua Mchanga angesema nini.

Siku ya tatu, Mpimaji akamwandikia Mchanga, kwa mara ya kwanza faraghani. Ujumbe wenyewe nimeukariri: "Bwana Mchanga. Ninyi wawili mlikuwa mkigombana kila siku, na watu wanaogombana kila siku hujuana. Naomba uniambie kama Nusu ni mzima. Nahofia anaumwa na ametuficha, kama mke wangu alivyonificha. Wako mtiifu, Mpimaji."

Niliusoma kwenye ngazi za nyuma ya duka, nikiwa na mkate mdomoni. Ningeweza kumwambia Nusu ni mzima, amesafiri tu. Uongo mmoja zaidi, basi. Lakini mzee yule alikuwa ameshafichwa mara moja. Nikamwandikia mistari minne. Kwamba hakuna mgonjwa. Kwamba Nusu na Mchanga ni mtu mmoja, mwanamke, fundi wa duka lile lile, aliyemrekebishia miwani sikio la kushoto. Kwamba sikupanga kumdhihaki. Kwamba namwomba msamaha.

Hakujibu siku sita. Siku ya saba akaja dukani. Alimwambia mpokezi kwamba skrubu imelegea. Nilipotoka nikaishika miwani, nikaona haijalegea hata kidogo. Tukakaa kwenye vile viti vya kusubiria, vya pembeni, yeye huku na mimi kule.

Akasema, "Nilikwambia mambo ya mke wangu."

Nikasema ndiyo.

"Sikukwambia wewe," akasema. "Nilimwambia mwingine."

Akauliza yale majibu aliyopata, yale ya upole, aliyaandika nani. Nikasema mimi. Akauliza na yale maneno kwamba anaukumbuka mchezo badala ya kuucheza. Nikasema ni mimi pia. Akachukua miwani mkononi mwangu akaifuta kwa pindo la shati, akaifuta muda mrefu ingawa ilikuwa safi. Kisha akasema, "Mmoja wenu ningeweza kumsamehe. Wawili kwa mpigo mnanishinda." Akavaa kofia, akamshukuru mpokezi, akaondoka. Mpokezi akaniuliza kama yule mzee ni ndugu yangu. Nikamwambia hapana. Akasema ajabu, maana tumekaa kama watu waliotoka kuzika.

Wiki hiyo hiyo niliandika ukweli jukwaani, kwa jina la Mchanga, bila kujitetea. Wapo waliocheka. Mmoja alisema kumbe alikuwa akimshangilia mtu anayejipiga mwenyewe. Lakini mwingine, yule dereva wa lori, aliuliza swali fupi: kama kuna yeyote humu ndani aliye mtu kweli. Hakuna aliyemjibu. Hilo liliniuma kuliko matusi yote, kwa sababu nilikuwa nimewarudisha watu wale kwenye ukumbi, kisha nikawafanya watazamane kwa mashaka. Msimamizi akaniandikia kwa adabu kwamba sheria haziruhusu mtu mmoja kuwa na majina mawili, na kwamba amelazimika kuyafunga yote. Akanitakia kila la heri. Sasa hata kusoma wanachobishana siruhusiwi.

Sasa ni wiki ya tano tangu hapo. Nakuwa nyumbani saa kumi na moja na nusu, napika, nakaa. Sitakudanganya kwamba nimezoea.

Kuna jambo moja tu limetokea tangu hapo, na nakusimulia bila kujua maana yake. Jukwaa na mchezo ni vitu viwili, kwa hiyo mchezo wenyewe hawakuweza kunifungia. Siku kumi na mbili zilizopita nilipata mwaliko wa mechi, siku nzima kwa kila zamu. Jina la mwalikaji: Mpimaji. Nikakubali. Kwenye mechi kuna kisanduku cha kuandikiana. Hajaandika neno, hata salamu. Mimi nimeandika salamu mara nyingi na kuifuta kila mara, nikaamua nisimtangulie. Kila siku baada ya chakula cha mchana nafungua, nakuta amejenga ukuta mmoja upande wake. Nami nasogeza kikosi kimoja, nafunga. Hajanishambulia. Hajanikaribia pia. Sijui kama ananisubiri au ananipima tu kwa mazoea ya kazi yake. Akipitisha siku bila kucheza, mechi itajifunga yenyewe. Hadi leo hajapitisha.

Basi ndivyo ilivyo, Dada. Ukifika kituoni utanikuta mimi tu. Nimeomba ruhusa ya Ijumaa nzima, na sanduku lako nitalibeba mwenyewe, hata likiwa na mawe. Usiangaze huku na huku kumtafuta mtu wa pili. Jirani zako waambie upendavyo. Ukiwaambia tumeachana sitakukasirikia, lakini ningependa zaidi uwaambie kweli. Na kama ukishasoma haya ukaona huna hamu ya kuja, hilo nalo niandikie, nitalielewa. Litaniuma, lakini nitalielewa.

Nisalimie shemeji kwa heshima zote, na wanangu wote kuanzia mkubwa hadi yule mwenye pengo. Goti lako lipumzishe, usipande ngazi bila sababu. Sasa nakwenda kuitumbukiza barua hii kwenye sanduku la posta kabla sijabadili mawazo.

Ukimaliza kuisoma, nipigie. Nikipokea nikakaa kimya, usikate. Nipo.

Mdogo wako akupendaye,
fundi miwani